Samaki Anapopata Taabu ya Kujifungua

Katika nyumba nyingi za jamii yetu hapa Uingereza, hasa zile fleti za ghorofani ambamo paka hakubaliwi na mwenye jengo na mbwa hatumkubali sisi wenyewe, tangi la samaki limekuwa ndiyo mifugo ya watoto. Aghalabu samaki wa kwanza kununuliwa huwa ni gapi, moli, plati, au yule mwenye mkia wa upanga aitwaye soditeli. Bei yao ni nafuu, rangi zao zinapendeza, na wana jambo moja ambalo samaki wengi hawana: hawatagi mayai, bali huzaa watoto walio hai, wenye macho na mikia, waogeleao tangu dakika zao za kwanza. Hapo ndipo furaha ya watoto wetu inapoanzia. Hapo pia ndipo yanapoanzia maswali tunayoulizwa kila mara. Samaki amevimba wiki ya pili sasa na hajazaa. Amezaa wawili kisha amelala chini ya tangi kimya. Ametoa vitu vya manjano visivyo na uhai. Amezaa vizuri usiku, na asubuhi amekutwa amekufa.

Tumeonelea tuyajibu hapa kwa pamoja, kwa sababu mengi kati yao yana jibu moja, nalo si jibu la kupendeza: sehemu kubwa ya taabu za uzazi wa samaki hawa hutokana na maji tuliyowatia na mikono yetu isiyotulia.

Kwanza yafaa kufahamu kazi yenyewe inavyokwenda. Jike wa jamii hii ana mfuko mmoja tu wa mayai. Mayai hurutubishwa humo humo ndani, na kila kijusi hukua katika kifuko chake kikila kiini cha yai lake. Mama hamlishi mwanawe kwa damu kama afanyavyo mbuzi. Kazi yake kubwa ni kumpa hifadhi na hewa mpaka kiini kile kimalizike. Siku ikifika, utando hupasuka na kifaranga hutoka akiwa amejikunja kama mpira mdogo. Wengine hutanguliza mkia, wengine kichwa, na yote mawili ni ya kawaida. Hudidimia kidogo, hujikunjua, hupanda juu kutia hewa katika kibofu kimsaidiacho kuelea, kisha hukimbilia majanini kujificha, maana wa kwanza kumla aweza kuwa mama yake mwenyewe. Kazi yote yaweza kumalizika kwa saa moja au mbili, na yaweza pia kuchukua siku nzima, mama akizaa wachache, akapumzika, akazaa tena. Mapumziko hayo si maradhi. Wengi huzaa usiku au alfajiri, wakati nyumba imelala, na hilo peke yake latosha kutufahamisha wanachokipenda.

Samaki hawa asili yao ni Marekani ya Kati na Kusini na visiwa vya jirani. Gapi alielezwa kitaalamu mwaka 1859 na Mjerumani Wilhelm Peters, aliyetumia samaki wa kutoka Venezuela. Huyu ni Peters yule yule aliyetembea Msumbiji katika miaka ya 1840 akikusanya wanyama na mimea. Jina la gapi limetokana na bwana Robert John Lechmere Guppy wa Trinidad, ambaye samaki wake walifika London katika miaka ya 1860. Tangu hapo samaki huyu ametembea duniani kuliko wengi wetu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alitiwa katika mabirika ya kutawadhia na matangi ya maji majumbani huko Ngazija, ili ale viluwiluwi wa mbu waenezao malaria. Kwa hiyo baadhi ya ndugu zetu Wangazija walimjua gapi akiwa mfanyakazi kabla hajawa pambo la sebuleni.

Turudi kwenye taabu, na tuanze na ile isiyokuwa taabu hata kidogo, yaani hesabu mbaya. Gapi hubeba mimba kwa muda wa wiki tatu hadi nne na ushei. Plati na soditeli wiki nne hadi tano. Moli aweza kufika wiki nane. Maji yakiwa baridi, siku huongezeka. Zaidi ya hayo, jike ana uwezo wa kuhifadhi mbegu za dume kwa miezi kadhaa baada ya kukutana naye mara moja. Ndiyo maana jike aliyenunuliwa peke yake huzaa, na mwezi unaofuata akazaa tena, watoto wakadhani ni muujiza. Basi mtu akituambia samaki wake amepitisha siku, sisi humuuliza: siku zilianza kuhesabiwa lini? Mara nyingi jibu ni siku tumbo lilipoonekana kubwa, na hiyo si hesabu ya kutegemea. Tunashauri kila mtoto mwenye samaki awe na daftari. Aandike tarehe ya kila uzazi, idadi ya vifaranga waliohesabika, na joto la maji. Baada ya vizazi viwili vitatu daftari hilo litajua zaidi ya muuza duka. Dalili za kukaribia nazo ziandikwe: doa jeusi la tumboni karibu na tundu la uzazi hutanuka, na kwa samaki wa rangi nyeupe macho ya vifaranga huonekana kama nukta ndani yake, tumbo huacha kuwa la duara, likawa na pembe kama sanduku, na mama hujitenga na wenzake, akakaa karibu na hita au nyuma ya majani.

Sasa tuje kwenye maji, na hapa tunaomba subira ya msomaji, maana hapa ndipo palipo na shina la jambo. Samaki mjamzito hupumua kwa ajili yake na kwa ajili ya wote walio tumboni. Ikiwa maji yana hewa haba au yana sumu, yeye ndiye wa kwanza kuumia. Sumu kubwa ni amonia, itokanayo na kinyesi chao na chakula kinachooza. Katika tangi lililokomaa, bakteria waishio katika chujio huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa naitreti isiyodhuru sana. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita, na pengine zaidi, kuenea vya kutosha. Lakini desturi yetu ni ipi? Tangi hununuliwa Jumamosi asubuhi, hujazwa maji adhuhuri, na jioni samaki wanane wamo ndani, watatu kati yao wajawazito. Wiki ya pili jike wa kwanza hutoa vijusi vyenye kifuko cha manjano tumboni, na wote tunasema samaki alikuwa dhaifu. Kifuko hicho cha manjano ni kiini cha yai ambacho hakijamalizika. Maana yake ni kwamba mimba imetoka kabla ya wakati. Wachache wenye kifuko kidogo huweza kupona wakiachwa katika maji safi yaliyotulia. Wenye kifuko kikubwa ni nadra kuishi.

Jambo jingine ni ugumu wa maji. Samaki hawa, na moli kuliko wote, hupenda maji magumu, yaani yenye madini ya chokaa kwa wingi. Aishiye London hana haja ya kununua kipimo ili kujua alichonacho: atazame ndani ya birika lake la umeme, ataona ule ukoko mweupe. Maji yale yaudhiyo chai yetu ni mazuri kwa moli. Aishiye Glasgow birika lake hubaki safi, kwa kuwa maji ya huko ni laini, na moli wake watateseka asipowasaidia. Dalili yake ni samaki kutikisika mwili wote akiwa mahali pamoja, kama aendaye na asifike. Jike aliye katika hali hiyo hana nguvu za kuzaa. Dawa yake ni rahisi: changarawe za matumbawe zilizosagwa, zauzwa madukani, zitiwe katika mfuko mdogo ndani ya chujio, na ugumu upande polepole kwa siku kadhaa. Lakini pana tahadhari moja. Maji magumu kwa kawaida si ya asidi, na amonia huwa kali zaidi katika maji ya namna hiyo, na kali zaidi tena yakiwa na joto. Kwa hiyo maji wapendayo samaki hawa ndiyo pia yasiyosamehe uchafu. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na maji mapya yawe na joto sawa na ya zamani, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Ile desturi ya kuyaacha maji ya bomba katika ndoo usiku kucha huondoa klorini, lakini haiondoi kloramini, ambayo mashirika mengi ya maji huitumia siku hizi.

Joto lifaalo ni kati ya nyuzi 24 na 26 za Sentigredi. Hapa kwetu hatari ni hita kuharibika usiku wa Januari. Kwa jamaa zetu walioko Maskati hatari ni kinyume chake: maji ya bomba yaliyolala katika tangi la juu ya paa hutoka yakiunguza mkono, na familia ikisafiri likizo ikazima kiyoyozi, tangi la samaki hugeuka chungu. Maji ya moto hushika hewa kidogo, na mjamzito hupanda juu akitweta. Mabadiliko ya ghafla ya nyuzi tatu au nne, ya kupanda au kushuka, yanatosha kumfanya atoe mimba.

Baada ya maji ni mikono. Madukani kuna vile visanduku vya plastiki vya kutundikwa ndani ya tangi, jike akatiwa humo ili vifaranga waanguke chini na kuokoka. Sisi hatuvipendi. Mama ambaye amezoea kuogelea tangi zima hufukuzwa kwa wavu, akanyanyuliwa hewani, akafungiwa katika nafasi ambayo hawezi hata kugeuka vizuri, mbele ya taa na nyuso za watoto wanne. Tunashangaa kwamba hajajifungua? Samaki mwenye hofu ama huchelewa, ama hutoa wasiokomaa. Njia bora ni mimea: majani mengi yenye kusongamana na mengine ya kuelea juu, hata kama ni moshi ya Java tu, ambamo mama hujificha na vifaranga wakapata pa kuingia. Wachache wataliwa, wengi watabaki. Anayetaka kuwaokoa wote na awe na tangi la pili la lita 20 au zaidi, lenye hita na chujio laini lililokomaa, na amhamishe mama wiki moja kabla, kwa kumkinga kwa kikombe ndani ya maji pasipo wavu. Siku ya mwisho, tumbo likiwa tayari lina pembe, ni kuchelewa. Aachwe alipo.

Madume nao ni taabu ya peke yao. Jike huwa tayari kupandwa tena mara tu baada ya kuzaa, na madume walijua hilo kabla yetu. Katika tangi lenye madume watatu na jike mmoja, yule maskini aliyechoka kwa kuzaa vifaranga arubaini hufukuzwa saa zote bila nafasi ya kula wala kulala, na asubuhi hukutwa amekufa. Kifo hicho watu hukiita kifo cha uzazi, na kwa kweli ni kifo cha kufukuzwa. Pawe na majike wawili au watatu kwa kila dume, na uzazi ukikaribia wahamishwe madume, mama abaki.

Hatuna budi kumtaja pia moli aitwaye puto, yule mfupi mwenye tumbo la duara ambaye watoto humchagua kwa sababu anachekesha. Umbo lake ni uti wa mgongo uliopinda, kasoro ambayo wafugaji waliichagua na kuikuza makusudi. Viungo vyote vya ndani vimebanwa mahali padogo, na mimba nayo yataka nafasi. Mtu akitaka kuziona taabu za kujifungua kwa macho yake, na anunue huyo. Sisi twashauri asinunuliwe, na dukani waambiwe sababu.

Kisha yapo mambo yafananayo na uzazi nayo si uzazi. Samaki aliyevimba huku magamba yake yakisimama kama ganda la stafeli, akitazamwa kutoka juu, hana mimba ya kumtaabisha. Ana maji mwilini, na mara nyingi figo zimeshindwa kazi. Huyo hupona kwa nadra. Samaki aliyevimba kwa kula kupita kiasi ana kinyesi cheupe kirefu au hana kabisa. Huyo aachwe siku mbili bila chakula, kisha apewe kipande cha njegere iliyochemshwa na kumenywa ganda. Na ukiona tunduni mwake nyuzi nyekundu fupi zikichomoza samaki anapotulia na kurudi ndani anapotikisika, usidhani ni kitovu wala mkia wa kifaranga. Hao ni minyoo. Huambukiza tangi zima, na dawa yao ni levamizoli, ambayo kipimo chake aulizwe daktari wa wanyama mwenye kujua samaki.

Baada ya yote hayo, hubaki wale wachache ambao kweli wamekwama. Utamjua: kifaranga ametokeza nusu na saa zimepita hajasogea, au tundu limevimba, jekundu, na nyama ya ndani inachungulia, au uzazi ulianza, ukakoma, na siku ya pili mama angali mnene, analala chini, anapumua kwa nguvu na hali chakula. La kwanza ni giza na utulivu. Zima taa, funika kioo kwa kanga, watoe madume, na watoto waende kucheza. La pili ni kupima joto, amonia na naitraiti, kisha kubadilisha robo ya maji kwa utaratibu tuliokwisha kuueleza. La tatu ni kumwacha mpaka kesho. Wengi huimaliza kazi yao usiku huo huo. Chumvi ya Epsom, ambayo wengi huisifu, husaidia uvimbe na kufunga choo. Haimsukumi kifaranga nje.

Lisilofaa kabisa ni kumkamua tumbo. Tumepata kusikia ushauri huu ukitolewa na watu wa dukani, tena kwa uhakika mkubwa, kwamba mtu amshike samaki kwa kitambaa chenye maji na kumbonyeza kuelekea nyuma. Ukuta wa ule mfuko mmoja wa mayai ni mwembamba. Vidole vya binadamu, hata vya mtoto, ni vizito mno kwake. Kinachotoka mara nyingi ni vijusi visivyokomaa pamoja na damu, na mama hufa kwa jeraha ambalo hakuwa nalo kabla hatujamgusa. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mkunga asiyejua kazi afadhali akae nje ya mlango.

Ikiwa siku mbili au tatu zimepita naye anazidi kuteseka, mwenye uwezo na aende kwa daktari wa wanyama. Tunafahamu kwamba gharama ya daktari huzidi bei ya samaki mara nyingi, na hatumlaumu baba mwenye watoto watano akisita. Lakini kusita kusiwe ndiko kumwacha agagae wiki nzima kwa kuwa hakuna apendaye kuamua. Sheria ya ustawi wa wanyama ya Uingereza na Wales ya mwaka 2006 inamhusu samaki sawa na inavyomhusu farasi, na mwenye mnyama anawajibika kwa maumivu yake yawezayo kuzuilika. Kumtupa chooni angali hai ni kumtesa, na kumtia katika friza angali hai ni hivyo hivyo.

Njia ya upole imetoka kwetu. Mafuta ya karafuu, yale yale ya Unguja na Pemba ambayo mama zetu walitupaka katika jino linalouma, humlaza samaki usingizi. Yakiwa mengi, haamki. Chukua chombo chenye lita moja ya maji ya tangi. Tia nusu mililita ya mafuta, yapata matone kumi, katika chupa ndogo yenye maji ya vuguvugu, utikise kwa nguvu mpaka yawe meupe kama maziwa, kisha uyamimine chomboni samaki akiwamo. Baada ya dakika chache mashavu yake yataacha kupepea. Asitolewe hapo hapo. Abaki nusu saa nyingine. Chombo hicho kisirudishwe jikoni, na maji yake yasirudi katika tangi.

Watoto waambiwe kweli. Katika miaka yetu ya kufundisha tumeona kwamba mtoto aliyeambiwa samaki amekwenda kwa daktari na atarudi, kisha akaletewa mwingine wa rangi hiyo hiyo, hugundua haraka kuliko tudhaniavyo, na kinachopotea ni imani yake kwa mzazi. Aambiwe amekufa katika uzazi, aandike tarehe katika daftari, na kama yako majike mengine aulizwe: maji tuliyapima lini mara ya mwisho?

Ama kwa wale ambao wamechoshwa na uzazi usiokoma, dawa ni kutenganisha jinsia mapema. Dume hujulikana kwa pezi lake la chini, karibu na mkia, ambalo hujikunja likawa kama kijiti chembamba. La jike hubaki kama kipepeo. Kwa gapi tofauti hii huanza kuonekana katika mwezi wa pili wa umri wao, na pengine mapema zaidi, kwa hiyo watazamwe kila wiki. Majike wakubwa waliokwisha kupandwa wataendelea kuzaa kwa miezi kadhaa hata wakiwa peke yao, na hilo liingie katika hesabu. Vifaranga waliozidi wapewe majirani wenye matangi, au maduka yanayokubali kuwapokea. Wasitiwe katika mto wala mfereji: hapa nchini ni kosa kisheria, na maji ya majira ya baridi yatawaua kabla ya polisi kujua.

Mwenye kutaka kuonyeshwa namna ya kupima amonia na ugumu wa maji, na aje na chupa ya maji ya tangi lake katika mkutano ujao wa jamii. Vipimo tunavyo, na dakika kumi zatosha.